Gulio, Duka na Jumba la Maduka: Historia ya Mahali pa Kununulia katika Rufiji na Kibiti

Lugha ya Kiswahili ina maneno manne makubwa ya kutaja mahali ambapo watu hununua na kuuza: gulio, soko, duka, na katika miaka ya karibuni, jumba la maduka. Msemaji wa leo huyatumia yote bila kuuliza asili yake. Lakini kila neno lina umri wake, na kila moja lina desturi yake ya kulipana. Gulio ni neno la Kibantu halisi. Limetokana na shina -gula, yaani kununua, lililo hai hata leo katika Kizaramo, Kizigula, Kisukuma na Kiganda, ingawa katika Kiswahili cha kawaida kitenzi hicho kimekiachia -nunua nafasi yake. Soko ni neno la Kiarabu. Duka ni neno la Kiarabu na la Kiajemi ambalo Wahindi nao walilitwaa. Kwa hiyo Mwarabu na Mhindi waliposhuka pwani walilisema neno moja, na mwenyeji hakuwa na shaka juu ya maana yake. Jumba la maduka ni jina jipya lililoundwa kwa maneno ya zamani, na bado halijazoeleka katika vinywa vya watu wa mashamba.

Ruaruke ni mahali pafaapo kuitazama historia hii. Ni kata ya Wilaya ya Kibiti, upande wa kaskazini wa mto Rufiji, baina ya barabara kuu iendayo kusini na midomo ya mto iingiapo baharini. Mtu wa huko yuko kati ya njia mbili: njia ya maji, ipitayo katika vijito vya mikoko, na njia ya nchi kavu, iendayo Kibiti na Dar es Salaam. Katika muda wa miaka mia moja na hamsini biashara ya nchi hii imehama kutoka njia ya kwanza kwenda njia ya pili. Lakini anayetaka kuelewa mahali pa kununulia palivyobadilika hafai kutazama njia na kuta peke yake. Yampasa aulize pia swali moja katika kila zama: ni nani aliyemkopesha mwenzake, na kwa masharti gani?

Bonde la Rufiji limejulikana tangu kale kwa mpunga. Mto hufurika, maji huacha matope yenye rutuba, na mkulima hupanda humo. Katika karne ya kumi na tisa mchele wa Rufiji ulisafirishwa kwa vyombo hata Unguja, ambako mashamba ya karafuu yalikuwa na watumwa wengi wa kulishwa. Sultani Barghash alitambua thamani ya mto huo, na kwa amri yake Mwingereza William Beardall aliupeleleza mnamo mwaka 1880. Katika midomo ya mto Wanyagatwa walikuwa na samaki na mpunga wa maeneo ya mikoko. Juu kidogo Wandengereko na Warufiji walikuwa na nafaka na mazao ya mwituni. Watu wenye vitu tofauti na wanaoishi karibu hawakosi kubadilishana, na hiyo ndiyo asili ya gulio: siku iliyojulikana, kivuli kilichojulikana, na watu waliokutana, wakapatana, wakaachana. Katika gulio mapatano humalizika pale pale. Samaki huoza, na mwenye samaki hangojei mavuno.

Duka lilikuja na desturi nyingine. Wafanyabiashara wa Kihindi waliofuata pwani kutoka Unguja, wengi wao Waismailia, Mabohora na Mabaniani, hawakuwa na mali kubwa walipoanza. Mwenye duka dogo la mashamba alichukua bidhaa kwa tajiri wa pwani, naye tajiri wa pwani alichukua kwa tajiri wa Unguja, na wa Unguja alikuwa na deni kwa nyumba za biashara za Bombay, Ulaya au Marekani. Utaratibu huu una jina zuri katika Kiswahili: mali kauli. Kauli ni neno. Mali kauli ni mali iliyotolewa kwa neno la mtu, bila fedha mkononi. Nguo iliyoitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani, ilipita katika mikono minne au mitano kabla ya kufika mabegani mwa mkulima, na pengine hapakuwa na hata mkono mmoja kati ya hiyo ulioilipia taslimu. Mkulima naye aliichukua kwa ahadi ya mpunga wake. Basi mnyororo mmoja wa madeni ulitoka ng'ambo ya bahari ukaishia katika shamba.

Ni kosa kuliona duka la namna hiyo kuwa mahali pa kuuzia tu. Mwenye duka alikuwa mnunuzi wa mazao, mwenye ghala, mwenye mizani, mkopeshaji na mwekaji wa amana. Alinunua kwa pishi na frasila, akauza kwa kibaba na doti. Na katika tofauti ya vipimo hivyo, kama katika tofauti ya bei, ndimo ilimokuwa faida yake. Hesabu aliiandika katika daftari kwa Kigujarati, ambacho mteja hakukisoma. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo: kauli ilikuwa ya watu wawili, lakini maandishi yalikuwa ya mtu mmoja.

Utawala wa Wajerumani uliukaza mnyororo huo. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, kila mwenye nyumba alihitaji fedha kwa siku maalumu, hata kama mavuno yake hayajafika. Na mwenye fedha alikuwa mwenye duka. Fedha yenyewe ilikuwa rupia, ambayo tangu mwaka 1904 iligawanywa katika heller mia moja. Baadaye ikaja amri ya kulima pamba. Vita vya Maji Maji vilipozuka katika vilima vya Wamatumbi, kusini mwa Rufiji, mwezi wa Julai 1905, wapiganaji waling'oa pamba kwanza. Na mwanzoni mwa Agosti waliteremka pwani wakayachoma makazi ya wafanyabiashara wa Kihindi pale Samanga. Siku hizo hizo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro. Tendo la Samanga limeelezwa mara nyingi kuwa chuki ya mgeni. Huenda chuki ilikuwamo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba duka linapoungua, daftari nalo huungua.

Katika midomo ya mto historia ilikuwa na sura yake. Miti ya mikoko, ambayo watu wa pwani huiita pia mikandaa, ilikatwa kwa ajili ya nchi zisizo na miti: Oman, Kuwait, Uajemi na nyinginezo za Ghuba. Wajerumani waliuweka msitu huo chini ya usimamizi wa serikali mwaka 1898. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ikapewa majina kwa unene wake, kama vile boriti na pau. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale za mawe, tangu Lamu hata miji ya Ghuba, ni virefu na vyembamba. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalileta tende, chumvi, mazulia na samaki mkavu. Na kwa muda wa wiki chache jahazi lenyewe lilikuwa duka.

Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia katika midomo ya Rufiji mwaka 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr Nejdi, likiwa limekuja kupakia miti. Aliona kwamba kila baharia alikuwa na sanduku lake la bidhaa ndogo ndogo, akiziuza bandari kwa bandari. Aliona pia jambo kubwa zaidi: baharia alikuwa na deni kwa nahodha, na nahodha alikuwa na deni kwa tajiri wa Kuwait aliyetoa fedha za chombo. Mkata mikoko wa Rufiji aliyesimama ndani ya matope na baharia aliyepokea mti wake walikuwa katika hali moja, ingawa hawakuwa na lugha moja. Wote wawili walikuwa wamekwisha kula malipo ya kazi ambayo bado hawajaimaliza.

Waingereza, waliotwaa nchi baada ya vita vya kwanza na kuleta shilingi mwaka 1921, walijaribu kuukata mnyororo kwa sheria. Baina ya vita viwili ilitungwa sheria iliyomzuia mfanyabiashara asiye Mwafrika asiweze kudai mahakamani deni la Mwafrika isipokuwa kwa kibali cha afisa wa serikali. Nia ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenyeji asidanganywe. Matokeo yake yalikuwa mawili. Kwa upande mmoja, mkulima aliepushwa na kupoteza mali yake kwa hati asiyoijua. Kwa upande wa pili, Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe hakuweza kupata bidhaa kwa mkopo wenye nguvu ya sheria, na bila mkopo hapana duka. Mikopo midogo ya mashamba haikukoma. Ilirudi katika asili yake, ikawa kauli tupu. Mwenye duka alimkopesha yule aliyemjua baba yake, shamba lake na minazi yake.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja mwaka 1961, duka lilikuwa na sifa mbili zisizopatana. Kwa wengi lilikuwa ishara ya unyonyaji. Na kwa hao hao lilikuwa mahali pekee ambapo mgonjwa angeweza kupata sukari kabla ya mavuno. Serikali ilianza kwa kuunda chama cha ushirika cha kuagiza bidhaa, COSATA, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa yalitaifishwa, na biashara ya jumla ikawa mikononi mwa shirika la serikali, ambalo baadaye liligawanywa kuwa makampuni ya biashara ya mikoa.

Wakati huo huo wateja wenyewe walihamishwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji iliwatoa watu wengi katika bonde na kuwapandisha nchi ya juu, katika vijiji vya ujamaa kandokando ya njia za magari. Mashamba yalibaki bondeni. Watu wakawa wanashuka wakati wa kilimo na kuishi katika madungu, vibanda vilivyosimamishwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga. Kwa historia ya biashara jambo hili lina maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Duka la zamani lilikuwa karibu na maji, kwa kuwa mazao yalisafiri kwa mtumbwi na mashua. Watu walipowekwa barabarani, mtumbwi ulipoteza kazi yake ya biashara katika sehemu kubwa ya bonde, na lori likawa bwana.

Mwaka 1976 ulikuja mtihani mkubwa zaidi, ujulikanao kwa jina la Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, na mahali pake pakawekwa maduka ya vijiji na ya ushirika. Katika sehemu nyingi za nchi duka la zamani lilifungwa kabla ya jipya kuwa na bidhaa, na baada ya miezi michache Serikali ikapunguza kasi. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukawa wa mamlaka za serikali. Hivyo katika mwaka mmoja mkulima aliondolewa yule aliyemwuzia na yule aliyenunua kwake. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na kamati. Halikuwa na lile ambalo duka la zamani lilikuwa nalo bila kuandikwa popote, yaani ujuzi wa nani aweza kungoja, nani hawezi, na nani ataleta korosho zake mwezi gani.

Haya hayasemwi ili kumsifu mwenye duka wa zamani. Daftari lisilosomeka na pishi isiyojaa vilikuwapo kweli, na watu waliolalamika hawakulalamika bure. Lakini tiba ya mwaka 1976 ilifanywa kana kwamba ugonjwa ulikuwa katika kuuza, hali ulikuwa katika kukopeshana. Kuuza kuliondolewa, haja ya kukopa ikabaki. Baada ya vita na Uganda vya miaka 1978 na 1979 bidhaa zilikuwa haba nchini kote: sabuni, khanga, mafuta ya taa na sukari viligawiwa kwa kaya. Mwaka 1983 ilifanywa kampeni dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi. Na mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa.

Ndipo gulio lilipopata nguvu mpya. Wachuuzi wenye mabunda ya mitumba, sufuria, betri na dagaa walianza kuzunguka kijiji hata kijiji kwa siku zilizopangwa, wakilipa ushuru wa uwanja na kuondoka jioni. Neno la kale, ambalo mtu angeweza kudhani limebaki katika kamusi, likawa neno la kila wiki. Gulio la sasa si lile la karne ya kumi na tisa. Bidhaa zake hutoka Kariakoo, soko la Dar es Salaam lililochukua jina lake kwa kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza, ambalo jengo lake kubwa, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Lakini sharti lake ni lile lile la zamani: lipa, chukua, tuachane. Mchuuzi hamjui mteja wake kwa jina, na wiki ijayo huenda asije. Uhuru wa gulio ni huo, na upungufu wake ni huo huo. Mwenye fedha huonekana mfalme. Asiye na fedha hupita akitazama.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 mahali ambapo kabla yake magari yalingoja kivuko. Kibiti, iliyo kiasi cha kilomita 130 kutoka Dar es Salaam, ikawa mji wa njiani wenye maduka mengi, na katika miaka ya 2015 na 2016 ikapewa wilaya yake. Simu za mkononi ziliongeza kazi nyingine: tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mwenye duka la kijijini amekuwa tena mweka fedha, kama alivyokuwa babu wa biashara yake. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitia hofu nchi ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilikatazwa kutembea usiku, na ikaonekana wazi jinsi duka la jioni linavyotegemea usalama wa njia kuliko imara ya mlango.

Mali kauli nayo haikufa, ilibadili jina. Katika nchi za korosho kuna biashara iitwayo kangomba, ambayo mnunuzi humpa mkulima fedha kabla ya msimu na kuchukua korosho kwa bei ya chini kabla ya mnada. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe, kangomba ilipigwa vita vikali. Hoja zilizosemwa juu yake zilikuwa karibu zile zile zilizosemwa juu ya duka la Mhindi: kipimo kisicho cha haki, bei ya dhiki, mkulima aliyefungwa. Na sababu ya kudumu kwake ni ile ile pia: ada ya shule na homa ya mtoto havingojei mnada.

Msafiri atokaye Ruaruke aweza leo kufika katika jumba la maduka siku hiyo hiyo. Namna hii ya jengo ilianza Marekani. Jumba la kwanza lililofunikwa lote na kutiwa hewa ya kiasi, Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 katika kitongoji cha Minneapolis, kwa ramani ya Victor Gruen. Dar es Salaam ilipata Mlimani City mwaka 2006, nje ya katikati ya mji, juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokodishwa kwa miaka hamsini kwa kampuni yenye asili ya Botswana. Humo bei imebandikwa, hapana kupatana wala nyongeza, na mwuzaji ni mwajiriwa. Kwa mtu aliyelelewa katika duka la mashamba, ajabu si vioo wala ngazi, ajabu ni kwamba hapana wa kumwambia, “Niandikie.”

Yaonekana basi kwamba deni limekwisha. Halikwisha. Duka kubwa la chakula la jumba hilo lilikuwa kwanza Shoprite ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Nakumatt nayo haikudumu: ilielemewa na madeni, sehemu kubwa yakiwa ya wale waliokuwa wakiiletea bidhaa bila kulipwa, na mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Kwa maneno mengine, rafu zile zilizong'aa zilijazwa kwa mali kauli. Tofauti na duka la zamani ni upande wa mnyororo uliokopa: zamani mwenye duka alimkopesha mnunuzi, naye akakopeshwa, sasa mnunuzi hulipa taslimu, na mwenye duka hukopa kwa mleta bidhaa. Mnunuzi ametolewa katika kauli. Amepata bei iliyo wazi, na amepoteza haki ya kungojewa.

Hiyo ndiyo maana ya maneno manne yaliyotajwa mwanzo. Gulio ni mahali pa kuachana. Duka ni mahali pa kuandikiana. Soko ni uwanja wenye msimamizi na ushuru wake. Jumba la maduka ni mahali ambapo deni lipo, lakini mnunuzi halioni. Katika Ruaruke na jirani zake majina matatu ya kwanza bado yako hai, na watu huchagua kati yake kwa kadiri ya fedha waliyo nayo mkononi siku hiyo. Kwa mwanafunzi wa lugha ipo kazi ya haraka. Daftari nyingi za Kigujarati zimekwisha liwa na mchwa, na wazee waliohesabu mikoko kwa korija na kupima mpunga kwa pishi wanapungua kila mwaka. Maneno yao ni hati za upande wa pili wa lile daftari, yaani upande wa mdaiwa, ambao katika maandishi ya zamani haukupewa ukurasa.